Bei ya Mandhari

Katika miaka thelathini na minane aliyoishi katika mji ule, Mzee Gumba aliliona ziwa kwa vipande. Kipande cha sentimita tisini kwa mia na ishirini kwa daktari wa meno. Kipande kirefu chembamba kwenye ngazi za benki. Kipande cha duara, kilichomtoa jasho siku tatu, bafuni kwa mjane mmoja aliyetaka kuoga huku akitazama milima. Alikuwa fundi wa vioo vya madirisha, na katika mji ambao watu hulipa ili watazame, fundi vioo huja na mandhari mgongoni, huyapachika ukutani kwa mwenzake, kisha hushuka ngazi akarudi kwake. Ukiviunganisha vipande vyote hivyo, alikuwa akisema, unapata ziwa zima na kidogo kinabaki.

Kwake chumbani hakukuwa na kipande hata kimoja.

Zamani kilikuwepo. Walipohamia ghorofa ya tatu, nyuma ya barabara ya hoteli, dirisha lao lilikuwa na ufa wa maji katikati ya mapaa mawili, upana wake kama kiberiti kilichosimamishwa. Kwa sababu ya ufa huo mwenye nyumba alikiita chumba chake "chumba cha ziwani" na kupanga kodi kwa jina hilo. Mwaka wa kumi na moja hoteli ya mbele ikaongeza ghorofa nne. Ufa ukawa ukuta, na ukuta ukawa na mabomba matatu na feni ya jikoni iliyopuliza mvuke wa mchuzi wa watu wengine kuanzia asubuhi. Gumba alikwenda kuomba kodi ipunguzwe. Mwenye nyumba alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamweleza kwamba ziwa bado lipo palepale lilipokuwa.

Na Gumba, badala ya kukasirika, alirudi nyumbani akalikubali jambo lile. Hapo ndipo ungemjua ni mtu wa namna gani. Aliona kweli lipo palepale.

Jina lake la Gumba lilitokana na kazi. Enzi zile kioo kilishikwa kwa puti, ule unga wa chokaa uliokandwa na mafuta mpaka ukawa laini kama donge la ngano. Fundi aliutandaza kwa kisu kuizunguka fremu ya mbao, akaulainisha kwa kidole, akausubiri. Alipomaliza, Gumba alibonyeza kidole gumba mara moja kwenye kona ya chini, upande wa kushoto, akaacha alama. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake. Mtu aliyejifundisha kusoma mwenyewe huona thamani ya kutia saini. Vioo wakati ule vilikuja vimefungwa kwa magazeti ya zamani, na shule ya Gumba ilikuwa hayo magazeti: aliyakunjua, akayanyoosha, akayasoma mpaka tangazo la mwisho. Kwa kuwa kurasa zilikuwa zimechanwa kufuata ukubwa wa kioo, alijua chanzo cha vita kadhaa ila hakujua ziliishaje.

Siku hizi vioo vinakuja vimefungwa kwa plastiki, havina cha kusoma. Fremu ni za alumini, zinatoka kiwandani zikiwa na kioo tayari, na vijana wenye vipokea sauti masikioni wanazipachika kwa gundi ya kopo kabla chai haijapoa. Hawasalimii. Hawaulizi habari za watoto. Zamani fundi alipewa kiti. Gumba alikuwa na maoni mengi kuhusu vijana hao, na wao hawakuwa na maoni yoyote kumhusu yeye, maana hawakumjua, na hilo ndilo lililomuuma.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, alifanya kazi chini ya ardhi. Alipiga pasi shuka katika chumba cha chini cha hoteli ileile iliyowazibia ufa wao, shuka za watu waliopanda ndege kuja kutazama ziwa. Mjini mle kila kitu kiliuzwa kwa sababu ya ziwa hilo. Mama Pasi alikuwa na jina lake: "bei ya mandhari." Nyanya zilikuwa na bei ya mandhari. Kushona kiatu kulikuwa na bei ya mandhari. "Nipe zile ambazo hazijaliona ziwa," alimwambia muuza nyanya, na muuza nyanya hakucheka, kwa sababu na yeye alikuwa mpangaji.

Jumatatu moja simu ikalia. Alikuwa mdogo wake wa kiume Mama Pasi, fundi wa pampu za maji katika mji mdogo wa bara, nchi iliyolala tambarare kama meza. Mama Pasi aliweka sauti kubwa ili mumewe asikie.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Tunaendelea kulitazama ziwa."

"Linawasalimu?"

"Endelea na ulilopigia," akasema Mama Pasi.

"Dada, ile nyumba ya uani kwangu imebaki wazi. Vyumba viwili na kibaraza. Dirisha moja bado ni tundu, lakini tundu si fundi anakuja na dawa yake? Lori langu la mabomba linakuja huko Jumamosi, linarudi tupu. Pakieni vitu mje. Msipokuja, Jumapili nampa mwalimu mmoja, anaisubiri kwa hamu."

"Kuna nini cha kutazama huko?" Gumba akauliza.

Shemeji alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Hakuna," akasema. "Ila nyanya ni nyanya tu."

Simu ilipokatika, Mama Pasi aliketi kitandani akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba, kama kila jioni kwa miaka mingi.

"Mimi napanda lori hilo," akasema.

"Tutazungumza."

"Nimeshazungumza. Nimesema napanda. Wewe una mpaka Jumamosi ya kuamua kama unapanda na mimi au unabaki na feni."

Gumba alisimama. Alikuwa na hotuba kuhusu jambo hili, na alikuwa ameitoa mara nyingi kiasi kwamba miguu yake ilijua pa kusimama. Alisema mji kama ule mtu hauachi. Alisema watu wanavuka bahari kuja kuutazama.

"Na wakishautazama wanarudi kwao," akasema Mama Pasi. "Wana akili."

"Mke wangu, umeishi hapa miaka thelathini na minane."

"Chini ya ardhi. Niambie, mimi ziwa nimeliona mara ngapi?"

Gumba alianza kuhesabu, ukiacha ule ufa wa zamani, akaishia mbili. Siku waliyofika, na siku ya mazishi ya msimamizi wake wa hotelini, makaburi yalipokuwa yameshahamishiwa mlimani. Usiku ule alilala akiutazama ukuta wa hoteli, akijiuliza ni mpumbavu wa aina gani anayeusifu mji kwa mke ambaye hajaonyeshwa.

Basi bahati ikamtembelea, au ilionekana hivyo. Jumatano asubuhi alipigiwa simu kutoka nyumba kubwa ya juu kilimani. Ndege amegonga dirisha la sebuleni, kioo kimepasuka. Lilikuwa dirisha la mbao, la mwisho kabisa mlimani kote, na vijana wa alumini walikuwa wamelitazama wakaondoka wakicheka. Gumba alilikumbuka. Alilitia kioo mwenyewe, mwaka ambao binti yao alizaliwa, binti ambaye sasa anaishi mji wa tatu kutoka hapa kwa sababu wa kwao ulimshinda.

"Kesho omba ruhusa nusu siku," akamwambia mkewe. "Utanishikia tepu. Utaona kile ninachokwambia."

"Sawa, nakuja. Lakini nikishaona, sitaki hotuba tena mpaka Jumamosi."

Tepu yenyewe inahitaji maelezo. Ilikuwa tepu ya kitambaa kilichopakwa nta, imeviringishwa ndani ya kibweta cha ngozi, kitu ambacho leo ukikitaka utakiona kwenye picha tu. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa, Mama Pasi aliiona imejikunja, akataka kumfurahisha mumewe, akainyoosha kwa pasi. Sentimita tano za mwanzo ziliungua. Gumba hakununua nyingine. Alisema ni ubahili, lakini haikuwa hivyo. Tangu siku hiyo alipima kuanzia pale ilipoungua, na kila namba aliyoisoma aliipunguza tano kichwani. Hakuwahi kukosea kwa sababu hakuwahi kupima na mtu mwingine.

Walipanda kilima kwa miguu, wakipumzika kila kona. Mlango ulifunguliwa na mtunza nyumba, mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno machache mdomoni. Wenye nyumba, alisema, huja wiki mbili kwa mwaka. Viti vyote vilikuwa vimefunikwa mashuka meupe. Mama Pasi alikagua pindo la shuka moja kwa vidole viwili, akatikisa kichwa: halikunyooshwa vizuri.

Sebule ilikuwa giza. Mapazia yalikuwa mazito kama magodoro.

"Mbona yamefungwa?" akauliza Gumba.

"Jua linachujua viti," akajibu mtunza nyumba, akavuta kamba.

Ziwa likaingia chumbani. Hakuna namna nyingine ya kusema. Lilikuwa lote, kutoka ukingo mpaka ukingo, na milima nyuma yake imekaa kwa mpangilio kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Gumba aliona kifua chake kinapanda, kana kwamba amelichimba yeye. Alimtazama mkewe.

Kisha akainama kuitafuta alama yake, ili amwonyeshe na hiyo. Aliipata, chini kushoto, imezikwa chini ya tabaka tatu za rangi, lakini ipo.

"Ah, na hicho kishimo cha hapo chini," mtunza nyumba akasema, "ukishamaliza ukizibe. Kuna fundi alikiharibu zamani."

"Nitakiziba," akasema Gumba.

Mama Pasi alikuwa amesogea karibu na kioo kilichopasuka. Alitazama muda mrefu, macho yakishuka kutoka milimani hadi majini, kutoka majini hadi hoteli, na nyuma ya hoteli.

"Lile paa jekundu lenye tangi jeusi," akasema. "Si letu?"

Gumba alitazama. Lilikuwa lao. Juu yake kulikuwa na kamba, na juu ya kamba kulikuwa na shuka la bluu ambalo Mama Pasi alilianika asubuhi.

"Ni letu."

"Kumbe tumo."

"Hapo pameharibika kabisa," akasema mtunza nyumba, bila ubaya. "Hayo mapaa. Bosi amesema wakija mwaka huu watapanda miti, iyazibe. Mandhari yawe safi."

Mama Pasi alianza kucheka. Alicheka polepole mwanzoni, kisha akalazimika kuketi kwenye kiti cha watu, juu ya shuka lisilonyooshwa vizuri, akifuta machozi kwa kanga. "Baba," akasema, "miaka thelathini na minane. Tumelipia tuwe kwenye picha ya watu, na picha yenyewe hawatutaki."

"Shika tepu," akasema Gumba.

Macho yake hayakuwa kwenye kazi. Alipanda kwenye ngazi fupi, akashika mwanzo wa tepu, sehemu iliyoungua, kwenye kona ya juu. Mama Pasi aliivuta chini, kisha pembeni, akasoma namba kwa sauti yake ya kazini, ile inayosikika juu ya mvuke. Gumba aliandika kwenye kipande cha karatasi, akatoa tano kwenye kila namba, kama kawaida yake. Kabla ya kuondoka alikanda puti kidogo, akakiziba kile kishimo, akakilainisha mpaka kisijulikane kama kiliwahi kuwepo. Alifanya kazi nzuri. Hata kwa ghadhabu alifanya kazi nzuri.

Walishuka kilima mpaka sokoni.

"Ni pazuri," akasema Mama Pasi hatimaye. "Sikatai. Ulikuwa husemi uongo."

Hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Ijumaa alinunua kioo kizito, cha bei ya mandhari, akakikata mwenyewe kwa kalamu yake ya almasi, pigo moja kila upande. Alikifunga kwa blanketi, akakipandisha kilimani mgongoni, akitembea kiubavu kwa sababu ya upepo. Alikuwa amepanga maneno. Angekipachika, angetia puti, angebonyeza gumba mbele ya yule mtunza nyumba, na angemwambia kwamba dirisha la mwisho la mbao mlimani lina fundi, na fundi haondoki mjini. Kesho angemwambia mkewe hivyohivyo. Alijiona akisimama barabarani lori likiondoka, mtu mwenye msimamo. Picha ile ilimpendeza mpaka nusu ya mlima, kisha akaanza kuona kwamba katika picha hiyo hakuna anayempikia mtu mwenye msimamo, wala anayezungumza naye.

Kioo hakikuenea. Kilikuwa kimepungua sentimita tano kwa upana na tano kwa urefu.

Alikijaribu mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu cha mtoto wake. Mtunza nyumba alisimama nyuma yake na funguo zake.

"Kimerudi?" akauliza. "Kama nguo?"

"Kioo hakirudi," akasema Gumba.

"Basi?"

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukata kioo kikapungua. Kikizidi, unapunguza. Kikipungua, hakuna fundi duniani anayejua kukirefusha.

"Usijali, mzee," akasema mtunza nyumba, na safari hii kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Bosi alishasema tukikosa, waweke la alumini. Kaa kwanza, unywe maji."

Akamletea kiti. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi fundi Gumba kupewa kiti kazini, na alipewa kwa kuwa alishindwa. Aliketi juu ya shuka jeupe, akanywa maji, akalitazama ziwa kwa nusu saa nzima bila kazi mkononi. Hakuwahi kufanya hivyo. Aligundua kwamba baada ya dakika kama kumi halibadiliki sana.

Mkewe alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti Gumba alipoingia na kioo chake mgongoni. Alikiona, akaelewa.

"Hakikuenea."

"Kimepungua tano. Kila upande."

Mama Pasi aliacha kufunga. "Wewe ulitoa zile tano?"

"Si ndiyo kawaida. Tepu imeungua."

"Najua imeungua. Niliiunguza mimi." Alishika kiuno. "Ndiyo maana nilizitoa kabla sijakusomea."

Feni ya hoteli iliendelea kupuliza mchuzi.

"Nani alikwambia utoe?"

"Nani alihitaji kuniambia? Miaka thelathini na minane nakuona mdomo unavyocheza ukitoa. Nikasema leo nimpunguzie mzigo."

Gumba aliketi sakafuni, kioo kimeegemea magotini. Mtu mwingine yeyote mjini mle, kijana yeyote wa alumini, angeisoma tepu ile vibaya kwa namna moja tu. Ilihitaji watu wawili wanaojuana hivi ili wakosee mara mbili. Akajiona amebaki pale, na ukuta, na tepu, akitoa tano peke yake mpaka kufa, bila mtu wa kumharibia hesabu.

"Hicho kioo kitawekwa wapi kwenye lori?" akauliza baadaye.

"Katikati ya magodoro," akasema Mama Pasi. Alikuwa ameshapanga nafasi yake.

Katika mji wa shemeji hakukuwa na kitu cha kutazama, kama ilivyoahidiwa. Tundu la dirisha lilitazama rundo la mabomba, ua wa miti mikavu, na barabara iliyonyooka mpaka macho yakachoka. Gumba alibomoa matofali mawili, akalipanua. Kwa mara ya kwanza maishani alikata mbao kufuata kioo, si kioo kufuata mbao. Alikanda puti, akaitandaza, akabonyeza gumba chini kushoto. Shemeji alikuja, akasimama mikono nyuma.

"Shemeji, kwa mabomba yangu hicho kioo ni kikubwa mno."

"Kilikatwa kwa ajili ya ziwa."

"Basi mabomba yamepata bahati."

Habari zilienea kwamba kwa fundi pampu kuna mzee amekuja na dirisha la mjini. Watu walianza kupita jioni, wakipunguza mwendo, wakitazama ndani: kitanda, meza, Mama Pasi akikunja nguo, Gumba na gazeti lake la kufungia vyombo, akitafuta vita iliishaje. Wengine walimsalimu kupitia kioo. Waliuliza kama kweli ule mji ni mzuri kama unavyosemwa. Alianza kuwaambia kuhusu chumba cha ziwani, mpaka mkewe alipokohoa, ndipo akasema ni mzuri sana, ukiutazama kutoka nyumbani kwa mtu mwingine.

Wiki ya pili Mama Pasi alitoa kitambaa kizito sandukuni.

"Cha nini?" akauliza Gumba. "Jua haliji upande huu."

"Pazia. Nimechoka kutazamwa."

Alimletea tepu kwenye kibweta chake, akapanda kwenye kiti, akashika mwanzo ulioungua. Mkewe aliivuta mpaka ukingo wa pili, akainama kusoma, kisha akainua kichwa.

"Sema basi," akasema Gumba.

"Kwanza tuelewane. Anatoa nani?"